Mbele Hakuna Vumbi

Bohari Kuu
3 Machi

Wifi yangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, ila zimefika kwa mdomo wa kaka yako, na unamjua. Eti kidole kimevunjika, eti paa limekwenda, eti mmehama. Nikamuuliza, nini kimevunjika na nani kahama? Akanijibu, "Mke wangu, mimi ni dereva, si mtangazaji." Basi nimeona heri tuandikiane wenyewe. Simu hazipo tangu minara iangushwe, na redio yetu ya upepo waliichukua kizuizini, sidhani tutaiona tena. Barua zimebaki, na wa kuzibeba tunaye, mume wangu huyu ambaye ni kaka yako, ambaye wenzake wamempa jina la Taratibu kwa jinsi anavyoendesha. Hata mimi siku hizi namwita hivyo hivyo.

Jambo moja ulijue mapema. Vizuizini barua zinafunguliwa na kusomwa. Mmoja wa wale walinzi alimwambia Taratibu kwamba mkewe ana mwandiko mzuri ila ni mlalamishi. Kwa hiyo wifi, tuandikiane ya ghala na ya nyumbani. Ya barabarani tuyaache huko huko barabarani.

Kazi yangu ni ile ile uliyoniacha nayo: kujua lori lipi limebeba nini, nani analiendesha, na yafuatane vipi kwenye msafara. Asubuhi ya safari naandika mpango kwenye ubao wa getini, nani wa kwanza, nani wa katikati, nani wa mwisho. Madereva wanakuja kuusoma na vikombe vya chai mkononi, kisha kila mmoja anakwenda kwenye gari lake bila neno. Msafara ukitoka hapo umepangwa hivyo hivyo mpaka mlangoni kwako.

Mara hii nakuletea unga kwenye lori refu la kaka yako, na maharage, mafuta ya kupikia, dawa za kusafishia maji na maboksi ya hospitali kwenye malori mafupi. Niandikie vimefikaje. Binti yetu amemchorea shangazi yake ghala jipya. Ametia dirisha juu ya paa, usimcheke.

Ni mimi wifi yako,
wa bohari


Ghalani
6 Machi

Wifi, bibi wa malori,

Kidole ndicho kilichovunjika, na ni cha mguu. Paa ni la ghala la zamani, lilipigwa kombora siku ile ile tuliyokuwa tumetoka kula, ndiyo maana niko hai naandika. Waliohama ni sisi. Sasa kaka yangu mpe pole, ujumbe aliufikisha wote, tatizo lake ni kupanga.

Ghala letu jipya ni ukumbi wa sinema. Usicheke. Viti tumeving'oa, na mwenye ukumbi, mzee mmoja mpole ambaye watu wote wanamwita Mwenye Sinema, alisimama pale akivihesabu kama vile vitarudi kesho. Ukumbi wenyewe ni imara, kuta nene, madirisha hakuna. Lakini umejengwa kwa ajili ya watu kukaa, si kwa ajili ya magunia. Sakafu inateremka kutoka mlangoni hadi kule lilikokuwa pazia la picha. Mvua ikinyesha, maji yanaingia mlangoni na kushuka taratibu kama mwenye tiketi. Mahali pakavu ni pamoja tu, kule mwisho kabisa, juu ya jukwaa. Kwa hiyo unga wote lazima ukae jukwaani.

Na mlango ni mmoja, wifi. Hapo ndipo penye kazi. Kichochoro cha kuingilia kinapitisha lori moja tu, hakuna kupishana, kwa hiyo mnavyofuatana ndivyo ninavyopakua. Safari hii yalitangulia mafuta na maharage, nikayaweka chini, ukumbi ukajaa. Ulipofika unga, jukwaani hakupitiki. Ikabidi tutoe vitu nje, tuingize unga, turudishe vitu. Nikiacha njia katikati nusu ya mzigo inakosa pa kukaa, nimejaribu. Nyapara wa wachukuzi alikaa juu ya dumu la mafuta akasema yeye hakuzaliwa kuwa punda wa kwenda na kurudi. Mvua ikaja tukiwa hatujamaliza.

Kwa hiyo nakuomba jambo dogo tu. Safari ijayo lori la kaka litangulie mbele kabisa. Unga uingie wa kwanza, upande jukwaani, mengine yafuate. Ni kubadilisha mstari mmoja kwenye ubao wako.

Kaka ni mzima. Alilala chini ya lori lake akikoroma mpaka wachukuzi wakadhani injini inawaka. Yule dereva mwingine, Peremende, amewagawia watoto wa foleni pipi zake zote kisha akalalamika kwamba hana za kurudi nazo. Mwambie binti kwamba dirisha la paa tulikuwa nalo kweli, ila tumehama.

Wifi yako,
mwenye funguo


Bohari Kuu
14 Machi

Wifi mpendwa,

Nimesoma juu ya jukwaa na mlango, na pole kwa kazi. Lakini lori refu haliwezi kutangulia. Ni zito na linakwenda polepole, likiwa mbele litawachelewesha wote walio nyuma, na unamjua dereva wake alivyo, hilo jina hakupewa bure. Safari zote limekuwa katikati na limezoea katikati. Nimekuongezea maturubai ya kufunikia unga ukiwa nje. Najua hayatoshi.

Yule dereva wa kofia nyekundu aliyekuwa akiongoza safari iliyopita, yule aliyekuletea sabuni, hayuko nasi tena. Mkewe anakaa mtaa wa pili na kwetu. Nakwenda kwake jioni jioni.

Kama una swali la zaidi juu ya mpango wa magari, muulize kaka yako. Yeye anaijua barabara, mimi naijua kwa ubao tu.

Binti ameanza kusoma mwenyewe. Anasoma kila kitu, hata magunia.

Wifi yako,
wa bohari


Ghalani
17 Machi

Wifi,

Nilimuuliza kaka kama ulivyoniambia. Nilimuuliza mbele ya watu, akiwa ananawa uso kwenye ndoo. Nikamwambia, "Kaka, mkeo anasema lori lako haliwezi kuongoza. Kuna nini mbele?" Akacheka. Akasema, "Mbele ni kuzuri, dada. Mbele hakuna vumbi. Sisi wa katikati ndio tunaokula vumbi la wenzetu." Nikamuuliza kama yeye ana pingamizi, akasema hana neno lolote. Peremende alikuwa karibu, akainamisha kichwa akaanza kukaza boliti ambayo ilikuwa imekaza.

Basi anayekataa ni wewe.

Sasa nikueleze jinsi unga ulivyofika mara hii. Mvua ilitukuta na nusu ya magunia kichochoroni. Maturubai yako tuliyatandaza, maji yakapita chini yake. Magunia ya chini yamegeuka mawe, wifi, ukiyapiga kwa nyundo ndipo yanapasuka. Watu walikuwa kwenye foleni wakituangalia. Mama mmoja aliomba apewe hilo lililoharibika akalikwangue, na nikampa, na niliona aibu mpaka nikashindwa kumtazama usoni. Hapa watu wanafanya safari nzima kwa miguu kuja kuchukua chakula cha wiki. Kisha wanaambiwa kimeloa kwa sababu lori la mume wa mtu limezoea katikati.

Sikutaka kuandika hivyo lakini nimeandika, acha ikae.

Ulipoolewa kwetu watu walisema unajivuna, mimi ndiye niliyesimama nikasema hapana, huyu ni mtu wa mpango tu, anapenda kila kitu kikae mahali pake. Leo nakuomba kitu kimoja kikae mahali pake, unaniambia mambo ya mwendo. Nimechoka. Nimemwandikia mkuu wa shughuli hapo kwenu, nimeiweka kwenye taarifa ya ghala, kwamba kuanzia sasa unga utangulie. Usije ukasema nimekuzunguka. Nimekuambia.

Kofia amekwenda wapi? Kama amepata kazi nyingine mpe salamu zangu, sabuni ile ilitusaidia.

Mwenye funguo


Bohari Kuu
23 Machi

Wifi yangu,

Barua hii haipiti kizuizini. Inakuja na muuguzi wa ndege ya wagonjwa, ameificha kwenye boksi la bandeji. Atashuka kwenu kuchukua majeruhi na kuruka tena, kwa hiyo sasa naweza kusema, na nitasema yote.

Kofia hakupata kazi nyingine. Kofia amekufa. Barabarani kumetegwa mabomu ya ardhini. Watu wa kuyategua wanapita, wanasafisha, wanaondoka, na baada yao wengine wanarudi kutega upya. Lori la mbele ndilo linaloyakuta. Linalofuata linakanyaga pale pale mwenzake alipopita, na la tatu vivyo hivyo, ndiyo maana walio nyuma wanafika. Ndiyo kazi ya lori la mbele, wifi. Siku ile ulipopakua mafuta kwanza kutoka kwenye lori la Kofia ilikuwa safari yake ya mwisho ya kufika. Wakati wa kurudi hakufika.

Madereva wanapeana zamu ya mbele, walikubaliana wenyewe. Lori refu peke yake halikuwekwa kwenye zamu kwa sababu ya urefu wake, likilipuka mbele linafunga barabara na wote wanakwama wazi wazi. Sababu hiyo ni ya kweli na madereva wote wanaikubali. Lakini sikufichi. Mimi nilikuwa naishukuru. Kila asubuhi ya safari niliandika jina la mume wangu katikati ya ubao na kumshukuru Mungu kwa trela refu, halafu naandika jina la mume wa mwingine pale juu. Ndiyo nilichokuwa nakuficha. Sikuwa najivuna.

Utasema wabadilishane mahali wakikaribia mjini. Haiwezekani. Mpangilio unaandikwa kizuizi cha kwanza na lori lililohama mahali pake linarudishwa. Baada ya kizuizi cha mwisho hakuna ruhusa ya kusimama wala kupitana, na pembeni mwa lami hakukanyagiki. Utasema unga ugawanywe kwenye malori mafupi. Nimekaa na kalamu usiku na mchana, dawa na mafuta vinakosa gari.

Taarifa yako imefika kwa mkuu. Ameniita akasema ghala ndilo linalojua shida ya ghala, unga ulioharibika umefika mpaka kwa wafadhili, kuanzia safari ijayo lori refu litangulie. Nikamweleza la kufunga barabara. Akasema kila mpango una hatari yake, na kwamba yeye hawezi kuusikiliza upande wangu peke yake, kwa sababu anajua dereva ni nani. Hapo wifi nilichukua daftari langu nikatoka.

Taratibu aliniapisha nisikuambie. Alisema, "Dada yangu akijua, kila mvua itakayonyesha itakuwa ugomvi ndani ya moyo wake. Mwache apokee unga wake." Anakupenda mpaka anakudanganya. Lile la vumbi analisema na hapa nyumbani, analisema na kwa binti yake.

Msafara unaondoka tarehe 29. Mkuu amesema ghala likiliondoa ombi lake, yeye hana shida. Liondoe, wifi. Nakuomba kwa magoti. Ndege inarudi hapa kabla ya hapo, mpe muuguzi jibu lako mkononi.

Wifi yako


Ghalani
26 Machi

Wifi yangu, wifi yangu,

Nimeisoma nikiwa nimesimama na nimeimaliza nikiwa nimekaa sakafuni. Mimi nilimtumia Kofia salamu. Nilimuuliza kaka mbele ya watu.

Karatasi ya kuliondoa ombi iko ndani ya bahasha hii, nimeisaini na nyapara amesaini chini yangu. Mpe mkuu leo leo. Lakini unga utaendelea kuloa, na mkuu ataendelea kuuliza, kwa hiyo nimefanya na jambo la pili. Nilimwita Mwenye Sinema nikamwambia nataka kubomoa ukuta wa nyuma ya jukwaa, kule lilikokuwa pazia, nifungue mlango wa pili. Upande ule kuna uwanja mpana na njia yake nyingine. Jukwaa lina kimo cha lori, magunia yatavutwa tu kutoka bodini hadi mahali pake bila hata kunyanyuliwa. Unga utaingia kwa nyuma, mengine kwa mbele. Lori lolote na lije kwa zamu yoyote.

Yule mzee alinitazama kama ninayemwomba mkono wake. Ukuta ule ulijengwa na baba yake. Aliuliza, "Ni lazima?" Nikamwambia ni kwa ajili ya kaka yangu. Akaondoka. Tukadhani amekasirika, kumbe amekwenda kuchukua nyundo yake. Yeye ndiye aliyepiga ya kwanza.

Naandika wachukuzi wakigonga. Vumbi limenijaa mpaka kwenye meno. Nyapara aliyesema hakuzaliwa kuwa punda amekataa kupumzika. Kufikia msafara mlango utakuwa wazi, hata kama ni kwa kucha.

Maneno niliyokuandikia tarehe 17 nayarudisha yote. Nilikuumiza na ulikuwa umebeba mzigo peke yako. Nisamehe. Mwache kaka katikati. Na ale vumbi mpaka achoke.

Muuguzi amekuja kuchukua bahasha, ndege iko tayari.

Dada wa mumeo, na wako


Bohari Kuu
29 Machi

Wifi mpendwa,

Jibu lako sikulipata. Wanasema uwanja wa ndege umefungwa, na wengine wanasema ndege iliruka ikashushwa kwingine. Labda uliandika. Labda hukuandika. Nimekaa getini tangu juzi nikitazama juu kama mtoto.

Mpango ni kama ghala lilivyoomba. Unga unatangulia. Nimeuandika ubaoni kwa mkono wangu mwenyewe. Karani alitaka kunisaidia nikamkatalia. Madereva walikuja na chai zao wakasoma. Hakuna aliyeinywa. Peremende alijitolea kuliendesha lori refu, lakini hana leseni ya trela na hajawahi kulirudisha nyuma hata mara moja. Taratibu akamwambia, "Wewe ukilipeleka, watapokea mkate uliookwa." Wakacheka. Mimi nikaingia ofisini.

Barua hii iko kwenye mfuko wa shati lake. Amevaa shati la bluu, lile ulilomnunulia wewe. Binti amemfunga kifungo cha juu.

Mpokee vizuri.

Wifi yako,
wa bohari

Dada, mimi ni T. Nimeomba kalamu. Huyu mke wangu ana huzuni leo, usimjali, ni mafua. Jukwaa lako niandalie, nakuja na unga mkavu. Mbele hakuna vumbi.


Ghalani
1 Aprili

Wifi yangu,

Peremende atakuwa amekwambia kabla hujafungua bahasha hii, nilimwomba akwambie akiwa ameketi na wewe umeketi. Lakini mengine aliyeyaona ni mimi, na una haki ya kuyajua.

Ilikuwa baada ya kizuizi cha mwisho, pale barabara inapopinda na mji unaanza kuonekana. Tulisikia tukiwa jukwaani tunafagia. Nyapara akasema, "Radi." Lakini mbingu zilikuwa nyeupe. Mimi nilijua. Sitaki kukuambia nilijuaje.

Lori refu lingefunga barabara kama ulivyosema litafunga. Lakini hakuna aliyekwama, wifi, kwa sababu yeye mwenyewe alikata usukani. Peremende anasema alimwona, kichwa cha gari kilikuwa kimeshavunjika lakini gari liligeuka polepole likalalia upande wa kulia, likaacha upande mmoja wa lami wazi. Lilikwenda taratibu mpaka mwisho. Waliokuwa nyuma walipita kwa nafasi hiyo. Wote wamefika.

Peremende alimbeba kwenye lori lake, juu ya maharage. Alikuwa hai, kisha alipofika kwetu hakuwa hai tena. Kichochoro cha mbele kilikuwa kimejaa watu wa foleni waliokimbilia humo kwa mlio ule, hapakupitika. Nikamwambia Peremende azunguke. Akazunguka nyuma, akarudisha gari mpaka kwenye mlango mpya. Mlango wenyewe hauna fremu wala ubao, ni tundu tu lenye kingo za matofali. Ulikuwa haujapita kitu. Wa kwanza kupita alikuwa kaka yangu. Kimo kilikuwa sawasawa, kama nilivyokuandikia. Hatukumnyanyua, tulimvuta polepole tukamlaza jukwaani, mahali pa unga.

Barua yako niliikuta mfukoni mwake. Inasomeka karibu yote. Na maneno yake ya chini yanasomeka yote.

Nilikaa naye mpaka walipokuja wa kumwosha. Amelala nje ya mlango huo huo, uwanjani, upande wenye kivuli cha ukuta. Mwenye Sinema ndiye aliyetoa mahali. Kesho yake watu walikuja na makopo yao kama kawaida. Unga ulikuwa umechukuliwa kutoka kwenye lori lililolala, wachukuzi walikwenda wenyewe kwa miguu, wakikanyaga lami tu, wakaubeba mgongoni. Mwingi ulikuwa mkavu. Nikagawa. Hakuna aliyejua ninagawa nini.

Wifi, barua yangu ya tarehe 26 uliipata? Niambie uliipata. Au niambie hukuipata. Sijui ni lipi kati ya hayo nitaweza kulibeba.

Ni mimi niliyeomba. Nimeandika mstari huo na sina wa kuongeza.

Dada yake


Bohari Kuu
9 Aprili

Wifi yangu,

Nimeipata. Muuguzi aliileta mwenyewe, uwanja ulipofunguliwa, Peremende akiwa ameshaniketisha. Kwa hiyo nilisoma kwanza ya mlango aliopitishwa kaka yako, kisha ndipo nikasoma ya mlango unaobomolewa ili asife. Karatasi ya kuliondoa ombi ilidondoka mapajani mwangu, imekunjwa vizuri, imesainiwa na watu wawili. Nililia kwa sauti mpaka karani akafunga dirisha la ofisi.

Nilikukasirikia, sitakuficha, tumeshafichana vya kutosha. Nilikukasirikia tangu tarehe 29 asubuhi nilipokuwa naandika ubaoni, nikisema moyoni, amenyamaza makusudi, anataka unga wake. Nilimuaga mume wangu, kaka wa mtu, nikiwa na kinyongo na dada yake. Yeye aliona. Ndiyo maana akaomba kalamu.

Kisha hasira ikaniishia, na nikuambie ilivyoniishia. Nilikuwa nawaza, laiti ndege ingefika. Mkuu angesoma karatasi, ningefuta ubao, ningemrudisha Taratibu katikati. Nikawaza mpaka hapo nikasikia raha kidogo, kama mtu aliyeota yuko kwao. Halafu nikawaza, na pale juu ningemwandika nani? Zamu ilikuwa ya Peremende. Bomu lilikuwa pale pale kwenye kona, lilikuwa linamngoja yeyote. Mimi na wewe leo tungekuwa tunaandikiana kuhusu mvua, na mkewe Peremende ndiye angekuwa ameketishwa. Na tungeshukuru, wifi. Tungesema pole, tungempelekea sukari, na usiku tungeshukuru.

Sijui mtu afanye nini na wazo kama hilo. Nimelibeba siku hizi zote, leo nimekugawia.

Kwa hiyo usiniulize kama nimekusamehe. Wewe uliomba unga ukae pakavu, na mimi niliomba mume wangu akae katikati, na wote tulikuwa na sababu. Wewe ni dada yangu. Binti anauliza kama shangazi bado ni shangazi yake, nimemwambia sasa ndiyo zaidi. Kifungo alichomfunga babaye anakizungumzia kila siku. Kama shati lipo, kitunze hicho kifungo, asikitoe mtu.

Mkuu alinipa likizo nimeikataa. Alitaka karani aandike ubao badala yangu. Karani hajui sura za wake wa madereva, na mimi nazijua, na naona heri aandike anayezijua. Lori refu halipo tena. Unga unakuja kwenye malori mafupi, vitu vingine vitasubiri. Mlango wako wa nyuma unatosha, nimewaambia madereva wote, na wao wameshaupa jina. Wanauita mlango wa Taratibu. Sikuwakataza.

Lakini wa mbele bado yupo, lazima awepo. Leo nimemwandika Peremende, ni zamu yake na alikuja mwenyewe kunionyesha kwa kidole mahali pa kuandika. Mkewe yuko getini hapa ninapoandika. Ana mtoto mgongoni na amemletea chakula kwenye kopo lililofungwa kwa kitambaa. Nimemwita ndani, amekaa kwenye kiti changu. Barua hii anayeibeba ni mumewe.

Wifi, akifika, usimwulize kwanza amebeba nini. Mpe maji. Hapa kwenye ubao tunamwita kwa pipi zake, lakini mkewe ananiambia nyumbani anaitwa Baba Pacha, ana wawili, mmoja kalala kwa jirani. Mwite hivyo.

Na kama ukimwona anachelewa pale kwenye kona, toka nje usimame mahali pa juu, aone kuna mtu. Kisha mfungulie.

Wifi yako,
mjane wa kaka yako